Mifuko ya Risasi kwenye Gauni la Harusi

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Tumba, huku Uswidi, kutoka Uvira, nilimnunulia cherehani kwenye duka la mitumba karibu na stesheni. Nilijipongeza sana. Fundi mzima wa nguo, niliwaza, akae tu akitazama theluji? Yeye akakitazama kile cherehani, akakifunika kwa kitenge, akaweka juu yake chungu cha maua. Nilinuna wiki nzima, kimya kimya, kama mkwe mwenye adabu.

Baadaye alinisimulia jikoni, tukimenya viazi. Wakati wa vita mtaa wao wote uligeuka kiwanda. Fundi baiskeli wa jirani alitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, nyingine zikimtisha aliyezishika kuliko adui. Mshona viatu alikata matairi ya lori akawatolea wapiganaji makubazi. Yeye aliletewa mapazia ya shule na maturubai, akaambiwa ashone sare. Mapazia yalikuwa na mawaridi makubwa. Wakayachemsha kwenye pipa pamoja na majani na matope mpaka yakafanana na kitu cha kijeshi, ila mvua ikinyesha, mawaridi yalijitokeza upya.

"Adui alikuwa anaonaka bustani inakimbia," alisema. Tulicheka mpaka kisu kikanidondoka.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa mifuko ya kuwekea magazini za risasi: mirefu, ya kusimama, yenye kifuniko, iliyopigwa mshono mara mbili isichanike mtu akikimbia. Vijana wa mtaani walikuja kuijaribu dukani kwake, na wengine aliwahi kuwashonea kaptura za shule. Hapo hakucheka. Alisema mikono yake imeshazoea vile vitu, haifai tena kwa nguo ya heri.

Basi binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa, akapata mchumba. Ana kichwa kigumu, kakirithi kwa baba yake, mimi simo. Alitaka gauni la harusi lishonwe na bibi yake, si mtu mwingine. Bibi akakataa. Binti akamwaga vitambaa kitandani kwa bibi, akaketi sakafuni, akagoma kuondoka.

"Na nikiharibu furaha yako?" mama mkwe akamuuliza.

Kiswahili binti anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiswidi. Alisema bila bibi hiyo furaha yenyewe haipo. Nikamtafsiria mama mkwe. Siku ile ile chungu cha maua kikahamia dirishani.

Siku ya kujaribu gauni, satini ilimkaa binti vizuri hadi nikasahau kukosoa, jambo ambalo si kawaida yangu. Kisha akaingiza mikono kiunoni. Kulikuwa na mifuko miwili, mirefu, ya kusimama, yenye kifuniko, mshono mara mbili. Hakuna aliyeiagiza. Mume wangu, aliyekulia chini ya meza ya kukatia nguo ya mama yake, aliitambua mara moja, akatoka kwenda barazani bila koti. Mama mkwe akaitazama mikono yake, uso umemshuka.

"Mikono ilijiendea yenyewe," alisema, akachukua mkasi aifumue.

Binti akaruka nyuma. "Nej, Bibi! Äntligen fickor!"

"Anasema nini?"

"Anafurahi, mama. Anasema hatimaye kapata gauni lenye mifuko."

Na kweli, alikuwa ameshaanza kupakia: simu, rangi ya mdomo, leso, kadi ya treni. Vyote vikaingia na gauni halikuvutika hata kidogo. Mama mkwe akaweka mkasi mezani. Alikipapasa kifuniko cha mfuko mmoja kwa muda mrefu, halafu akamshika mjukuu wake mkono.

"Ile mifuko nilishonaka, hata moja sikuionaka ikirudi. Hii utanirudishia?"

Nililia, sioni haya kusema. Binti akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Bibi, mimi naenda Jakobsberg tu, si mbali, kwa harusi. Jumapili narudi kula."

Harusi ilifana. Kila shangazi ukumbini alitaka kuingiza mkono kwenye mifuko ya bibi harusi, na mama mkwe alicheza na wageni Wakenya mpaka akavua viatu. Lakini Jumapili alikaa karibu na mlango tangu asubuhi, chai yake ikapoa mbele yake.

Kengele ilipolia alikuwa wa kwanza kufungua. Binti aliingia, mumewe nyuma yake kalibeba gauni. Mama mkwe hakumsalimia mtu. Alitia mkono mfukoni mwa lile gauni, akatoa kipande cha keki kilichobondeka ndani ya leso, akakila pale pale mlangoni, huku machozi yakimtoka na mkono wa pili umemkamata mjukuu wake.