Kuku Wanaoruka

Jirani yangu hapa Kiptere hufuga broila, na kila asubuhi huwafungia sukuma wiki kwenye kamba, juu kidogo ya vichwa vyao, wairukie. "Ukiwaachia watakaa tu kando ya chakula wanenepe," huniambia, "halafu nyama iyeyuke kwa sufuria." Humnyanyua mmoja, akambonyeza kifua kwa kidole gumba, akaguna, akamrudisha chini, kisha akaipandisha kamba. Mwanzoni nilimcheka.

Siku wakwe walipokuja kuposa binti yake, aliwapikia kuku haohao. Sisi majirani tulitazamana, maana huku kwetu mkwe hapewi broila. Mzee wao aling'ata paja, akalivuta kwa meno, likamgomea. Akalivuta tena, akatabasamu.

"Hii kienyeji imekomaa vizuri. Mlitoa wapi?"

"Ni ya hapa nyumbani tu, mzee," akajibu jirani, macho chini, akakusanya sahani na kutoka nazo polepole, kwa heshima zote.

Nilipomfuata nyuma ya banda, sahani zilikuwa kwenye nyasi, naye alikuwa akiruka papo hapo, shingo juu, kama kuku wake.