Kuku wa Saba wa Osiako

Osiako wa Lurambi amechora nembo za makanisa, za vikundi vya matanga na za timu za mpira ambazo hazijawahi kufunga bao, na zote ni za mviringo. Ukimwuliza kwa nini mviringo, atakutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Duara ndiyo baba ya maumbo, mzee," huniambia. Mimi hupita kibandani kwake nikiwa njiani kwenda popote ninapokwenda, kwa sababu yeye ana stima na benchi, nami nina simu inayokufa mapema. Kwa hiyo hotuba ya duara nimeisikia kuliko mahubiri ya Jumapili.

Kibanda chenyewe ni cha mabati, kimebanwa kati ya kinyozi na mama muuza dagaa wa omena. Juu ya mlango ameandika MABINGWA WA UBUNIFU. Mabingwa ni wengi kwenye bango. Ndani yuko yeye peke yake. Huvaa miwani. Siku moja aliivua akaenda msalani, nikaijaribu, nikawaona omena wa jirani vilevile walivyokuwa. Alikaa Nairobi kwa kozi fupi, na tangu arudi hasemi tena "mimi." Husema "sisi watu wa dizaini."

Kazi yake anaifanya kwenye kompyuta, kwa programu inayochora kwa mistari na hesabu, si kwa madoa ya rangi kama picha ya simu. Kuku aliyechorwa humo akiwa mdogo kama kidole unaweza kumkuza mpaka atoshee ukuta wa soko, asichakae. Hilo nalikubali, ni jambo zuri. Tena ukitaka vitu vikae sawasawa kuzunguka duara, unachora kimoja tu. Unaionyesha mashine kitovu cha duara, unaiambia unataka vingapi na vienee wapi, nayo inavizungusha yenyewe. Mtu anaweza kupata sifa ya fundi kwa kubonyeza mara mbili, na Osiako alikuwa ameipata.

Basi mwaka jana akaja Dinah, Mama Christine, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wafuga kuku. Umoja huo ni wa vijiji saba, na vijiji hivyo vilikuwa vimegombana miaka mingi, kila kimoja kikimwuzia dalali kwa bei ya kumharibia mwenzake. Sasa walikuwa wamekubaliana, wamechanga, wamenunua mashine ya kuangulia mayai. Walitaka tisheti za siku ya kuifungua, na kifuani duara la kuku saba, kila kijiji kuku wake, asiwepo wa mbele wala wa nyuma.

Osiako alikuwa na haja yake pia. Alikuwa akimtaka Christine, binti wa Dinah, anayefundisha chekechea. Dinah alilijua hilo, akalisema waziwazi pale kibandani.

"Kijana, hii sare ikipendeza, siku hiyo hiyo ulete wazee wako tuongee. Isipopendeza, utaendelea tu kuchoranga."

Osiako akamchora kuku mmoja, kuku mzuri, sitamnyima haki yake, kisha akaibonyeza mashine. Akawaonyesha akina mama. Mashine ilikuwa imewazungusha kuku jinsi gurudumu linavyozunguka, kwa hiyo wa juu alisimama, wa pembeni wakalala, na wa chini wakawa miguu juu.

"Hizi za chini ni za kideri," mmoja akasema.

"Hazijaugua, mama," Osiako akajibu. "Zinazunguka."

"Kuku inazungukanga hivyo ikikatwa kichwa."

Akasogea Quinter, kiongozi wa kijiji cha ng'ambo ya mto, kile kilichojiunga na umoja mwisho kabisa baada ya kubembelezwa sana, kwa kuwa ndicho chenye kuku wengi wa kutaga. "Na yetu ni gani?" akauliza. "Hii imekunja vidole?"

Dinah akaona hatari. "Zisimamishe zote," akamwambia Osiako. "Kuku haisimamangi na mgongo."

Palikuwa na kitufe cha jambo hilo: kuku wanazunguka duara, lakini kila mmoja anabaki wima. Osiako alikitafuta mpaka akakipata. Ila sasa ilibidi alipange duara upya, na mashine ikamwuliza tena: kuku wangapi, na wa mwisho asimame wapi. Akajibu saba, na wa mwisho asimame mwisho wa duara.

Mwisho wa duara ni wapi? Hata mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi analijua jibu. Akizunguka kamba yote atajikuta pale alipoanzia. Kuku wa saba naye alitembea duara zima kwa utiifu, akarudi juu, akakaa pale pale alipokaa wa kwanza, mdomo ndani ya mdomo, unyoya ndani ya unyoya. Wakaonekana sita. Na hao sita walikuwa wameachana sawasawa kabisa, bila pengo moja kuzidi jingine hata kwa unene wa kisu, ndiyo maana jicho halikushtuka.

Mimi nilikuwa kwenye benchi, simu yangu ukutani.

"Ona usawa huo, mzee," akaniambia.

Nikamwuliza kama amewahesabu. Akacheka kwa huruma.

"Mashine ndiyo inahesabunga. Sisi watu wa dizaini tuko kwa upande wa urembo."

Wala hakuwarudishia akina mama nembo waione tena. Alisema mteja akionyeshwa mara mbili anaanza kuharibu. Akapeleka kazi kwa wachapishaji, kisha akampigia mjomba wake Jairus aandae koti. Alikuwa na hakika kiasi hicho. Mtaani akawa anasema kwamba siku hiyo atakula firigisi kwa mama mkwe.

Siku ikafika. Mashine ya mayai iliwekwa sebuleni kwa Dinah, tisheti zikagawanywa uani, akina mama wakazivaa juu ya magauni, wakaimba, wakapigana picha. Mjomba Jairus alikaa mstari wa mbele na koti lake, kofia magotini, akijitayarisha kusema maneno ya posa. Karibu yake Osiako, na miwani.

Quinter hakuwa akiimba. Alikuwa anadonoa kifua cha jirani yake kwa kidole, polepole. Akamaliza, akahamia kifua cha mwingine, kana kwamba huko kuku wangeongezeka. Wengine wakamwona. Muda si muda ua mzima ulikuwa wa wanawake wanaodonoana vifua.

"Ziko sita."

"Imekosekana ya nani?"

Kila kijiji kilikuwa na hakika kwamba si ya kwao. Quinter akaanza kuvua tisheti. "Ni yetu," akasema. "Sisi ndio tuliingia mwisho. Kumbe tuliingia kwa mdomo tu."

Hapo mtu mwenye akili ya kawaida angesema nimekosea, nisameheni, nitachapa upya. Maneno hayo hayahitaji kozi. Osiako yeye alifungua kompyuta, akaiweka mezani katikati ya soda.

"Kuku ziko saba. Mashine haidanganyangi. Njooni muone."

Wakaja. Akamshika kuku wa juu, akamvuta pembeni. Chini yake akatokea mwingine, mzima, amesimama. Osiako akafurahi kama mtu aliyefufua maiti.

"Si mnaona? Yenu iko, mama. Ni vile tu iko chini ya hii ya kwanza."

"Hiyo ya kwanza ni ya nani?" Quinter akauliza.

"Ya juu si ni ya mwenyekiti," Osiako akasema, na akamwinamia Dinah kidogo, akidhani amempa heshima.

Quinter alikuwa bado na mkono mmoja ndani ya tisheti. "Asante," akasema. "Tulikuwa tunasikianga tu kwamba tuko chini ya Dinah. Leo tumechorewa."

Wanawake wa ng'ambo wakaanza kutafuta vikapu vyao. Bila wao mashine ile ingeangulia hewa, na vijiji vingine vingerudi kwa dalali mmoja mmoja. Dinah hakubishana. Alivua tisheti yake mwenyewe, akaikunja, akaiweka mezani juu ya kompyuta ya Osiako, mwanga wake ukazimika. Wengine wakafuata, lundo likainuka.

"Hizo tutapangusia mashine," Dinah akasema. "Dada Quinter, mayai ya kwanza kuingia ni ya ng'ambo. Yalete wewe, kwa mkono wako."

Quinter akautoa ule mkono uliobaki, akairusha tisheti kwenye lundo, akaenda kuchukua kikapu cha mayai.

Osiako akaitoa kompyuta chini ya nguo, waya wake ukitokea sebuleni. "Ni kitu ya dakika moja, naitengeneza," akawa anasema, akimvuta kuku huku na huku bila mtu wa kumtazama. Christine akapita na sinia.

"Zima hiyo kitu, inamalizanga stima ya mayai."

Chakula kikaletwa. Firigisi, ambayo kwetu humfuata mwanamume mwenye heshima, ilipita mbele ya Osiako, ikapita mbele ya koti la Jairus, ikaenda kutua kwenye sahani ya Quinter. Mbele ya Osiako ikawekwa obusuma, ugali wa kwetu, na kilima cha sukuma wiki.

Akaitazama sahani. Akatazama sahani za wenzake. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "kuku..."

"Yako iko, kijana," Dinah akamjibu. "Iko chini ya mboga."

Na Osiako, na ile kozi yake yote, akaiinua mboga kwa vidole ili aangalie. Mjomba Jairus aliutazama mkono wa mpwa wake ukichimba, akaivaa kofia yake, akaomba njia.