Tairi za Miaka Mitano

Kwa wiki tatu nzima familia yetu haikuwa na mazungumzo mengine ila tairi. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, tuliamka na tairi na kulala na tairi kwenye kundi letu la simu. Mpaka leo kundi hilo likilia, mimi hupandwa na hasira, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akizungumzia tairi. Tulikuwa tukizungumzia macho ya Baba, na hatukuwa na ubavu wa kuyataja.

Baba alikuwa amepita miaka themanini. Tuliishi wawili tu, mimi na yeye, katika nyumba ya zamani mtaani Al Garhoud, huku katika nchi za Waarabu, tangu Mama alipofariki na ndoa yangu kuvunjika mwaka huohuo. Niliyaona mambo kabla ya wenzangu kwa kuwa nilikuwepo. Siku moja alitoka na kandambili, kila mguu na rangi yake. Siku nyingine alimsimamisha mlinzi wa jengo la jirani, Mganda mpole, akamuulizia mkewe na watoto, akidhani anazungumza na mwanawe mwenyewe. Mlinzi naye, kwa heshima zake, akajibu kwamba wote wazima, alhamdulillahi, ingawa yeye ni Mkristo. Kisha gari likaanza kurudi nyumbani na michubuko kwenye bampa. Kila mchubuko ulikuwa na mshitakiwa wake: fundi aliyejenga ukuta vibaya, jua la asubuhi, watu wasiojua kuegesha.

Ungedhani ni jambo jepesi kumwambia mzazi kwamba haoni. Lakini huyu ndiye aliyetufundisha sote kuendesha, mmoja mmoja, kwenye kiwanja cha mchanga ambacho leo kimekuwa hoteli. Huyu hakuwahi kujibizana na mtoto wake hata siku moja, maana hakuna aliyethubutu. Na kila alfajiri aliendesha mwenyewe kwenda kusali Deira, ingawa msikiti uko hatua chache kutoka mlangoni kwetu, kwa sababu huko Deira ndiko waliko wazee wenzake wanne aliotoka nao Unguja ujanani. Baada ya sala waliingia mkahawani, wakanywa kahawa na kutaniana kwa Kiswahili chao mpaka jua lipande. Hicho ndicho alichobakiwa nacho duniani. Kumnyang'anya ufunguo kulikuwa sawa na kumzika angali hai.

Nilimpigia simu kaka'ngu, anayekaa Al Barsha.

"Kaka, wewe ndiye mkubwa. Mwambie."

"Wewe ndiye unayekaa naye," akasema. "Ukimwambia wewe atalipokea."

"Mimi ni mtoto wa kike."

"Ndiyo vizuri. Nyinyi mna maneno laini."

Nilimkatia simu. Jioni hiyohiyo akaandika kwenye kundi kwamba baridi inaingia, ukungu wa alfajiri tunaujua, mvua za siku hizi sote tumeziona zilivyoujaza mji maji, na tairi za gari la Baba zimechoka, tumbadilishie. Ungeona tulivyolirukia jambo hilo! Hatimaye tulikuwa tumepata kitu cha kumfanyia Baba kisichohitaji kumtazama usoni.

Mdogo wetu aliyeko Kanada alituma picha za tairi zenye meno marefu, na maelezo yasiyo na mwisho kuhusu mpira unaokuwa mgumu kwenye baridi. Nikamjibu kwamba theluji yetu sisi ni ya mashine, iko ndani ya jengo la maduka, karibu na kwa kaka, watu hukata tikiti kwenda kuikanyaga, na Baba hana mpango wa kuingia nayo gari. Akanuna siku mbili. Kaka yeye alitaka tairi za kudumu. "Tununue mara moja, tupumzike," aliandika. Neno hilo lilinikera. Yeye alikuwa amepumzika kitambo.

Kazi yenyewe, bila shaka, nikatwishwa mimi. Jumamosi moja asubuhi tulikwenda na Baba kwenye duka la tairi upande wa Umm Ramool. Yeye aliendesha. Mimi nilikaa pembeni nimeushika mkanda kwa mikono miwili, nikisema, "Polepole Baba, kuna taa hapo," kwa sauti ya mtu anayepiga soga.

Muuzaji alikuwa Mkenya, mchangamfu, viganja vyeusi kwa mpira.

"Karibu sana, mzee. Wacha nikuonyeshe," akasema. "Hizi hapa ni soft. Mvua ikinyesha zinashika barabara fiti kabisa, lakini miaka miwili, mitatu, zimeisha. Hizi zingine ni ngumu. Hizo ukiweka unasahau. Miaka mitano, bila stress."

Akatueleza kwamba ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne, wiki na mwaka ilipotengenezwa, na kwamba joto la huku hukausha mpira hata ukiwa umekaa tu stoo. Mnunuzi mwerevu husoma tarakimu hizo kabla ya kuuliza bei. Akaivuta tairi iliyokuwa imeegemea ukuta.

"Soma mwenyewe, mzee. Usiniamini mimi."

Baba akainama. Aliigeuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, akasogea, akarudi nyuma. Kisha dole gumba lake likaanza kupapasa. Lilipita juu ya tarakimu zile zilizoinuka, polepole, likarudi tena mwanzo.

"Ya mwaka huu," akasema. "Nzuri."

Ilikuwa ya miaka minne nyuma. Ilikuwa imewekwa pale kwa ajili ya kuwafundishia wateja, na muuzaji alikuwa akingoja Baba aseme kwamba imezeeka ili wacheke pamoja. Hakucheka. Alinitazama mimi.

Baba naye akanigeukia, akanishika kifundo cha mkono. "Mwanangu, we waonaje? Tuchukue zipi?"

Nilimwonea haya mbele ya mtu baki, na haya ile ikanitia kiwewe. Nilitaka kumsitiri upesi, kama umsitirivyo mtu aliyefunguka nguo njiani, asijue kwamba nimeona.

"Zile ngumu, Baba," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Wewe unaendesha kila siku. Zile laini zitakwisha upesi."

"Miaka mitano?"

"Inshallah, hata zaidi."

Akaniachia mkono, akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja.

Muuzaji alinisogelea kwenye kaunta. "Sister, pole kwa kuuliza. Huyu mzee anaona kweli?"

"Kazi yako ni kuuza tairi," nikamwambia. "Uza tairi."

Aliinamisha kichwa akaandika risiti. Mtu wa kwanza kusema kweli katika wiki tatu zile, nami nilimfokea mbele ya wenzake.

Mwezi uliofuata ukungu ulianza. Alfajiri moja Baba alikuwa akitoka kwenye kichochoro cha msikiti kule Deira, na mtu alikuwa akipita kwa baiskeli, amefunga mikate ya tanuri nyuma. Baba aliniambia baadaye kwamba alisikia kishindo kabla ya kuona chochote. Mtu yule alivunjika mguu mahali pawili, na nyonga. Polisi walikuja, wakauliza maswali yao, wakachukua leseni. Kwa dakika chache walifanya kazi iliyotushinda watoto watatu.

Nilidhani sasa tutasema. Lakini kaka aliandika kwenye kundi kwamba kosa ni la tairi. Tairi ngumu hazishiki barabara yenye unyevu, kila mtu anajua, nani basi aliyechagua zile? Mdogo wetu akaandika kutoka Kanada kwamba yeye alikwisha kutuonya. Na mimi nilijitetea, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilipekua mtandaoni, nikawatumia maelezo ya kiwanda, nikabishana nao kuhusu mpira siku tatu mfululizo, huku mwanadamu amelala hospitali.

Nilikwenda kumtazama. Alikuwa Mpathani wa makamo, kibarua wa kigeni, mwenye ndevu zilizoanza mvi, mguu umefungwa vyuma. Mwenziwe wa tanuri aliyekuwa kando ya kitanda alinieleza kwamba madaktari wamesema baiskeli ndiyo basi tena, na kwamba kafeel wao, mwajiri anayewadhamini kukaa nchini, ameshaanza kuuliza habari za kumrudisha kwao, maana kupeleka mikate bila baiskeli hakuna. Mgonjwa mwenyewe hakulalamika. Alipokea tende nilizomletea, akaniambia nisijali, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Ma'alesh, madam. Dhabab, dhabab," na akapunga mkono hewani kunionyesha ukungu ulivyokuwa.

Ukungu ulikuwepo, lakini haukuwa wa kumficha mtu na baiskeli yake mbele ya taa za gari. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia hivyo. Alikuwa na haki ya kujua ni nini kilichomvunja.

"Aiwa," nikamkubalia. "Dhabab."

Baba alikaa ndani karibu mwezi mzima. Alfajiri aliamka kama desturi, akavaa kanzu na kofia, akasali nyumbani, kisha akaketi sebuleni vilevile amevaa. Nilimwomba nimpeleke Deira mwenyewe, akakataa. Alisema hataki kupakiwa kama gunia. Wazee wenzake walipiga simu mara mbili tatu, kisha wakaacha. Asubuhi moja nilimpelekea chai, nikageuka kuondoka.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Nasikia mnagombania tairi."

"Yamekwisha, Baba."

"Daktari kanambia mwaka juzi. Kasema niache gari."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ananieleza bei ya samaki.

"Mbona hukutwambia, Baba?"

"N'kwambieni nini, na nyinyi mnaona? N'likuwa nangoja mmoja wenu anambie. Ningehamaki, ningenuna siku mbili tatu, khalas. Siku ile dukani n'likushika mkono makusudi. N'kasema moyoni, huyu ndiye, huyu leo atanambia. We ukanichagulia tairi za miaka mitano. N'kasema, pengine daktari kakosea. Kama wanangu wananipa mitano, basi wameona mimi nisichokiona."

Nilitaka kulia nikajizuia, kwa kuwa niliona kilio hakikuwa haki yangu. Baba alinyoosha mkono kutafuta chai yake. Mkono ukapita juu ya meza, ukagusa kopo la sukari, ukasita. Siku zote hapo ningekisogeza kikombe kimyakimya mpaka kiguse vidole vyake, kisha sote wawili tujifanye amekipata mwenyewe.

"Kushoto, Baba," nikamwambia. "Huoni. Kiko kushoto."