Pumzi ya Dada Kwenye Diski ya Zamani

Masikio alibandikwa jina hilo na wanamuziki, maana walisema husikia hata nzi akitua kwenye ngoma. Alikuwa mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kazi yake studioni ilikuwa kusawazisha sauti za nyimbo kabla hazijatolewa kwenye diski.

Siku hiyo alikuja shemeji yake, kiongozi wa bendi, mume wa marehemu dada yake, aliyekuwa mwimbaji wa bendi hiyo. Mkononi alishika toleo jipya la albamu yao ya zamani, diski ya rangi ya dhahabu, iliyosawazishwa studio nyingine. Akatoa na diski ya zamani, akaipiga, kisha akapiga mpya.

"Umesikia nguvu hiyo?"

"Nguvu gani, shem? Wamepandisha sauti tu. Ngoja." Masikio akapunguza ile mpya mpaka zikalingana, akarudia. Nguvu yote ikanywea. Ngoma zilikuwa zimebanwa, magitaa yamekabwa koo, na pale dada alipovuta pumzi kabla ya kiitikio, hapakuwa na kitu.

"Mmemfuta dada!"

"Mtu kazikwa, wewe unatafuta pumzi zake?"

"Kwenye ya zamani anapumua."

"Basi ya zamani haitakuwepo. Kanda ziliungua, imebaki hii moja. Sitaki mtu aje kunilinganishia." Shemeji akaichomoa ile ya zamani mashineni, akaanza kuikunja.

Masikio akamrukia. Kichwa chake kikampata shemeji puani, damu ikatapakaa kwenye mitambo. Shemeji akamrudishia konde zito la sikio, wakaanguka pamoja na spika. Shemeji akamkaba. Masikio akamng'ata kidole gumba mpaka meno yakagusa mfupa. Diski ikadondoka. Shemeji akainua buti aikanyage. Masikio akaifunika kwa kiganja, na vidole vyake ndivyo vilivyovunjika. Kwa mkono mzima akanyakua stendi ya maikrofoni, akaishusha gotini kwa shemeji, akaishusha tena.

"Mwendawazimu wewe!" Shemeji alijikokota kuelekea mlangoni.

"Rudi, shem! Rudi uimalizie!"

Hakurudi.

Diski ilikuwa na ufa ukingoni. Lakini mashine huanza kusoma diski katikati, na wimbo wa dada ulikuwa wa kwanza. Masikio akavaa hedifoni. Dada aliimba upande wa kushoto, na sikio la kushoto lilikuwa likivuja damu, limekufa ganzi. Akatukana, akazigeuza hedifoni, kushoto kukawa kulia.

Dada akavuta pumzi.

Masikio akabonyeza kitufe cha kunakili.