Mlango Aliouchora Mama

Mvua ikinyesha hapa Grand Prairie, na mafundi wakiwa wamechimbua barabara kutafuta bomba, udongo hutoa harufu inayonisimamisha na mifuko yangu mkononi. Jamani, harufu ile si ya Texas. Ni ya ukuta mbichi wa kanisa la kijijini kwetu, Usukumani, nami nina miaka saba.

Mimi ni Doto. Kwetu ukisikia Doto ujue yuko Kulwa, pacha aliyetangulia kutoka tumboni. Surua ilitushika wote wawili. Ikaniacha mimi, ikamchukua yeye. Shule niliishia darasa la nne, lakini majina ya watu nayakumbuka, na nitayataja. Katekista Damiano ndiye aliyesimama mlangoni mwa kanisa siku ya maziko, mikono kaitanua kama anayezuia mbuzi. Mama alikuwa mke wa pili, kwa hiyo Damiano alikuwa amekataa tubatizwe.

"Huyu haingii, Mama Kulwa," alisema. "Mzikeni huko nje ya uzio. Kanisa lina taratibu zake."

Mama akageuka, akamzika huko nje. Hakulia mbele ya Damiano.

Kila ilipokaribia Pasaka wanawake walisiriba kanisa kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Mke wa pili alinyimwa komunyo, lakini kusiriba hakunyimwa. Mikono yake ilifaa. Mama akajichagulia ukuta wa nyuma, uliotazama kaburi la Kulwa ng'ambo ya uzio. Udongo ungali mbichi, akaniita.

"Doto, njoo usimame hapa. Mgongo ukutani. Na usicheke."

Nilicheka, maana ubaridi ulinipenya hadi kiunoni. Akatia alama kwa kidole juu ya kichwa changu, akatia na mabegani. Kisha akachora mlango: miimo ya udongo mwekundu, ubao wa masizi ya chungu, na pembeni nukta za chokaa kama nyota. Alifanya haraka, kwani ukuta ukishakauka haukubali kidole. Uzuri ule sijauona tena, hata katika makanisa makubwa ya Dallas yenye vioo vya rangi.

"Mbona mfupi?" nikauliza. "Watu wazima watapitaje?"

"Watu wazima wana mlango wao."

Nilikuja kuelewa nikiwa mama, dukani kule Irving, nikimpima binti yangu sare ya shule. Pacha aliyebaki ndiye kipimo cha pacha aliyekwenda.

Kabla ya Jumapili Damiano aliukwangua mlango ule kwa jembe, akisema ni ushirikina. Na mama, mwaka uliofuata, akarudi kusiriba ukuta ule ule. Na mwaka uliofuata tena. Hakuchora kitu, alilainisha tu pale mahali kwa kiganja, muda mrefu, wenzake wakimwita waende wakanawe. Nilimwonea aibu.

Mwaka huu wa 2019 nikaalikwa mji wa Katy, kwenye ubatizo wa mtoto wa muuguzi mmoja wa kwetu. Babu wa mtoto kaletwa kutoka Tanzania, kakalishwa kwenye kochi kubwa. Damiano.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Doto."

"Aa, Doto!" Akafurahi kweli, akanishika mikono yote miwili. "Na Kulwa yuko wapi siku hizi?"

Ndivyo kila mtu wa kwetu anavyomuuliza Doto.

"Yuko pale pale ulipomwacha, katekista. Nje ya uzio."

Akaendelea kutabasamu, akingoja mtu amfafanulie. Binti yake akamletea sahani ya pilau.

Sijamsamehe, na asiniambie mtu nisamehe. Ila nikiwa barabarani kurudi, saa nne nzima za usukani, mtu niliyemuwaza ni mama. Utotoni niliamini wamemshinda, kawa mtumwa wa ukuta wao. Sivyo. Mlango walimnyima, basi akamtafuta Mungu ukutani, pale pale alipofukuzwa. Mimi nasali kwa mdomo, na mdomo wangu mchungu. Yeye alisali kwa kiganja mpaka kikaota sugu, akafa bila kuniambia kama alifunguliwa mlango.