Jeneza la Sidsel

Zamani kule Jutland, nchi ya baridi ya kaskazini, farasi akifa zizini, mwenyewe hakumgusa. Aliitwa Laust aje amwondoe. Laust ndiye aliyechuna ngozi na kuufukia mzoga nyikani, kama baba yake na babu yake. Watu walimwita Mtu wa Usiku, ingawa kazi aliifanya mchana kweupe, na aliyemgusa alihesabiwa najisi kama yeye. Kilabuni alikuwa na bilauri yake iliyovunjwa mguu, mwingine asije akainywea kwa kukosea. Kanisani alisimama nyuma ya mlango, na meza ya Bwana aliifikia wa mwisho.

Mkewe Sidsel alikuwa binti wa mchuna farasi wa mbali, maana nani mwingine angemwoa? Waliishi miaka thelathini, wakazika watoto watatu. Mwezi wa pili, homa ya mapafu ikamchukua Sidsel naye. Laust alipigilia jeneza mwenyewe, akalivuta kwa sleji, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, juu ya theluji mpaka lango la makaburi. Hapo sleji haikuruhusiwa kupita. Ibada ilikuwa imekwisha na watu wamesimama ukutani wakitazama.

"Jamani, mtu mmoja tu," Laust aliomba. "Hatua thelathini."

"Waite farasi uliowachuna!" mmoja akamjibu, na wengine wakaangua kicheko.

Ndipo akatokea Jeppe, mfumaji nguo, kapera wa miaka arobaini, mtu mpole asiye na maneno.

"Shika huko, mimi huku."

"Bwana Jeppe, unajua unachofanya?"

"Najua kuna baridi. Haya, inua."

Wakamzika Sidsel. Siku ile Laust alirudi nyumbani akilia, wala hakujua analia msiba au anashukuru.

Wiki haikuisha, wakulima wakaacha kumpelekea Jeppe nyuzi. Mmoja alikuja na mkasi, akakata kitambaa chake kikiwa nusu, akaondoka nacho. Jeppe alipokwenda kilabuni kunywa, mwenye kilabu alichukua bilauri nzima, akaivunja mguu mbele yake, ndipo akammiminia.

Pasaka ilipofika, Jeppe alikuja kwa Laust. Hakuingia ndani.

"Laust, ndugu yangu, nakuomba. Kawaambie sikuligusa lile jeneza. Sema ulibeba peke yako."

"Sidsel hakuwahi kushikwa hata mkono na mtu wa hapa," Laust alisema. "Wewe peke yako ndiye uliyembeba. Unataka nimnyang'anye hata hilo?"

"Yeye ameshakufa, Laust. Mimi bado naishi na watu hawa."



Jumapili Laust alitoka nyuma ya mlango, akasimama katikati ya kanisa, mahali ambapo hakuwa amewahi kukanyaga.

"Jeppe hakugusa jeneza la mke wangu," alisema. "Nilibeba peke yangu."

Karani wa kanisa alimtazama kama anayetazama tope kwenye zulia. "Tangu lini neno la mchuna farasi likawa ushahidi? Na sisi hatuna macho?"

Jeppe akasimama, uso umemwiva. "Toka hapa, mchafu wewe! Jina langu usilitie kinywani mwako!"

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akiwageukia wenzake huku na huku. Hakuna aliyeitikia kwa kichwa. Alipoketi, waliokuwa karibu naye kwenye benchi walizidi kusogea mbali naye.

Laust akatoka nje. Alikuwa amemkana Sidsel bure.

Kiangazi kilipoanza, Jeppe alifunga virago akaelekea kusini. Laust alikutana naye nyikani, njia nyembamba, hapana nyumba wala mchungaji wa kondoo. Akavua kofia amuage. Jeppe aliiacha njia, akamzungukia mbali kwenye vichaka, macho yameelekea chini. Hapakuwa na mtu wa kumwona, lakini alizunguka.

Baada ya mwezi, karani alikuja, akagonga dirisha la Laust kwa ncha ya fimbo.

"Kuna kitanda cha kufumia nguo kwenye nyumba ya yule mtu. Hakuna anayetaka kukigusa. Kakiondoe."

Laust alikwenda, akakivuta kwa sleji juu ya majani makavu. Kufuma hakujua. Akakipasua kuni, nazo zikamtosha mpaka Krismasi.