Pete ya mke wangu mbele ya lenzi ya hadubini

Leo nimeumbuliwa na kamera yangu mwenyewe, tena mbele ya shemeji.

Nimeunganisha lenzi ya hadubini na ile ya kamera kwa kipande cha bomba, nipige picha vitu vidogo vionekane vikubwa.
Lenzi zikiachana sana, pembe za picha zinakuwa nyeusi. Wiki nzima nakata bomba, majirani wanadhani navuta maji.

Leo vipimo vikakubali.
Nikamwomba mke wangu, Mama Neema, pete yake ya ndoa nijaribie. "Dhahabu ya machimbo ya Galula hiyo," nikamtambia dada yake, aliyetoka Nakonde, Zambia, kutusalimia.

Picha ikatoka safi mno.
Juu, rangi ya dhahabu imechubuka. Chini yake, wekundu.

Shemeji akaangua kicheko: "Mulamu, shemeji yangu, kwa shaba huwezi kutudanganya Wazambia!"

Nikaanza kulaumu lenzi. (Ndiyo jamani, nilijaribu.)

Mama Neema hakucheka.
"Kidole kilianza kuwa kijani mwaka ule ule wa harusi," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Miaka ishirini na miwili."

Akavaa pete yake, akaenda kupika.

Wenye ndoa, chekeni kwanza. Halafu mniambie naingiaje jikoni.